Programu Inasemea Wapi

Gari la IT, yaani la kupita tu kwenda nchi nyingine, likitoka bandarini Dar es Salaam huwa limeshaandikiwa linakokwenda. Dereva atapita Mikumi, atakula Makambako, atasimamishwa na trafiki njiani, lakini karatasi alizobeba zinasema Zambia au Kongo, na sisi wa Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka baharini, tunajua kwamba gari hilo linapita tu. Kiwanda kilicholiunda kule Japani hakikuandika popote kwamba liende Lusaka au Lubumbashi. Kiliunda gari, basi. Safari aliipanga aliyelinunua.

Mimi siuzi magari. Kazi yangu ni kuandika programu ndogondogo kwa ajili ya ofisi za mawakala wa forodha hapa mpakani, na katika kazi hii jambo lililonifundisha zaidi kuhusu watu ni dogo kiasi cha kuchekesha: programu ikitaka kusema kitu, inakisemea wapi? Na nani mwenye haki ya kupachagua?

Programu ninazozizungumzia hazina picha wala vitufe. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, unabonyeza Enter, jibu linakuja kwa maandishi. Vijana wengi wanaona ni mambo ya kizamani. Lakini karani mwenye orodha ya malori ya kuhakiki kabla ya saa mbili asubuhi, na kompyuta iliyochoka, na intaneti inayokuja na kuondoka, hana haja na urembo. Anataka aandike amri moja apate jibu. Na jibu hilohilo pengine analihitaji mara tatu: alione kwenye skrini, alihifadhi kwenye faili la kumtumia mteja aliyeko Ndola, na alitoe kwenye printa kwa ajili ya dereva asiyeamini kitu kisicho kwenye karatasi. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Oktoba 2019 na Rais Magufuli na Rais Lungu, ukaguzi wa pande mbili unafanyika mahali pamoja, lakini mifumo ya forodha imebaki miwili, TANCIS upande wetu na ASYCUDA World upande wa Nakonde, Zambia. Kwa hiyo maneno ya programu moja yana safari nyingi.

Programu ya namna hii haiandikwi kuanzia sifuri. Wengi wetu tunaegemea maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine na kuachwa wazi ili tuutumie: argparse kwa wanaoandika Python, picocli kwa Java, Cobra kwa Go, Commander kwa JavaScript. Maktaba hizi hupokea ulichoandika kwenye dirisha, hukichambua, hukagua kama umekosea, na hukupa maelekezo ukiomba msaada. Maana yake ni kwamba maktaba nayo inasema. Ina sauti yake ndani ya programu yangu. Na kama aliyeiandika aliamua kwamba kila neno lake litoke kwenye skrini, mimi niliyeiita nimeshafungwa mikono kabla sijaanza.

Ofisi moja hapa mjini, ambayo sitaitaja, ilinunua programu ya kupanga orodha ya malori. Aliyeiandika nilikuja kumjua kwa simu tu, na ni fundi mzuri. Kila asubuhi karani aliandika amri hii:

orodha --siku leo > malori.csv

Ule mshale unaiambia kompyuta kwamba matokeo ambayo yangetoka kwenye skrini yaingie kwenye faili lililotajwa. Karani, mama wa makamo mwenye subira kuliko mimi, alifuata maelekezo neno kwa neno. Usiku mmoja programu ikasasishwa. Kesho yake mhasibu akatoka ofisini kwake ameshika karatasi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kuna nini tena?”

“Kuna lori hapa linaitwa Onyo. Dereva wake anaitwa Tumia. Halina namba, halina mzigo, na nimeambiwa niliandikie ankara ya maegesho.”

Wakacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kisha wakanipigia.

Nilipofungua faili, mstari wa kwanza ulikuwa huu:

Onyo: chaguo --siku limepitwa na wakati, tumia --tarehe

Maktaba iliyokuwa ndani ya programu ilikuwa inatoa taarifa njema kabisa. Chaguo la zamani lilikuwa linaondolewa, na mtumiaji alikuwa anafundishwa jipya mapema. Maneno ya kweli, Kiswahili kizuri, hata adabu ilikuwemo. Ila yaliwekwa humohumo zinamopita namba za malori. Faili la namna ile hugawa safu kwa alama ya mkato, hivyo ile alama ya mkato baada ya “wakati” ikazaa dereva.

Nilitafuta mahali pa kuiambia maktaba ile, “maonyo yako yapeleke kwingine.” Hapakuwepo. Aliyeiandika alikuwa ameandika amri ya kuchapisha moja kwa moja, kila mahali, kana kwamba duniani hakuna kitu kingine isipokuwa skrini yake. Ikabidi nitumie ujanja. Tangu toleo la 3.4, Python ina zana maalumu ya kuuteka mkondo wa matokeo kwa muda. Nikauteka wakati maktaba inazungumza, nikauachia ilipomaliza. Kazi ikaenda. Lakini ni kazi ya kumziba mtu mdomo anapoongea, na siipendi.

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko mimi. Watu wa Bell Labs kule Marekani, walioanza kuunda Unix mwaka 1969, waliipa kila programu mkondo wa kupokea na mkondo wa kutoa. Mwaka 1973 Ken Thompson akaitia kwenye mfumo huo rai ya mwenzake Doug McIlroy: matokeo ya programu moja yaingie moja kwa moja kwenye programu nyingine, na hiyo nayo iyapeleke kwa ya tatu. Mpaka leo sijaona wazo zuri kuliko hilo katika fani hii. Walakini malalamiko nayo yalipita humohumo. Walikuwa na mashine ya kupiga chapa kwa mwanga, ambayo kazi yake ilihitaji kusafishwa kama picha za zamani. Mtu alituma ukurasa wake, akasubiri, na alipouona akakuta kilichopigwa chapa, kwa herufi safi za kitabu, ni ujumbe wa kosa. Baada ya hasara ya namna hiyo kujirudia ndipo ulipozaliwa mkondo wa tatu, wa makosa peke yake. Namba zake hazijabadilika: 0 ni kupokea, 1 ni kutoa, 2 ni kulalamika.

Hakuna mwanafalsafa aliyekaa kivulini akaibuni hekima hiyo. Ililetwa na karatasi zilizoharibika, na ndiyo maana naiamini.

Lakini kutenganisha mikondo miwili ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwachia mwenye programu aseme kila mkondo uishie wapi, na hapa maktaba nzuri zimejifunza polepole. Argparse ukiiambia ichapishe maelekezo, unaweza kuipa faili la kuandikia. Usipoipa, inaandika kwenye skrini. Picocli ilipofika toleo la 4.0 ilimpa mwandishi njia ya kutaja mwandikaji wa matokeo na mwandikaji wa makosa. Commander ilipofika la 7 ikafanya vivyo hivyo kwa jina lake yenyewe. Cobra ilikuwa na mpangilio mmoja uliobeba vyote, matokeo na malalamiko, kisha waandishi wake wakauacha wakaweka miwili. Nikiona mabadiliko hayo najua kwamba nyuma yake kuna karani fulani, labda Ujerumani, labda Brazili, aliyewahi kukuta lori linaloitwa Onyo.

Kinachonivutia katika maktaba zote hizo ni kwamba hazikulazimishi. Anayeanza leo, asiyejua mkondo ni nini, anaandika programu yake na maneno yanatoka kwenye skrini kama alivyotarajia. Hakuna anayemhoji. Mwenye haja ya zaidi anakuta nafasi imeachwa. Nimeishi na watu wa aina zote mbili. Wapo wanaokufanyia jambo kwa njia yao na ukitaka tofauti wananuna; na wapo wanaokuuliza kila kitu, chai iwe ya rangi au ya maziwa, sukari kiasi gani, kikombe kipi, mpaka unatamani usingeomba. Anayeleta chai ya kawaida bila maswali, na ukisema “mimi bila sukari” anaitikia tu “haya”, huyo ana kipaji. Zipo maktaba zilizopita kiasi upande wa pili, zenye mipangilio mingi hata kuchapisha neno moja kunahitaji kurasa za maelekezo. Hizo nazo siziwezi.

Sasa niseme lililonifanya niyaandike haya.

Baba yetu mdogo alifariki Itumba, wilayani Ileje, usiku. Kwetu taarifa ya msiba haitupwi tu. Anapigiwa mkubwa wa ukoo, naye anatafuta mtu wa kufuatana naye kwa mama wa marehemu. Wanafika, wanasalimia, wanakaa, wanaomba maji hata kama hawana kiu. Mtu anaambiwa akiwa ameketi na ana watu ubavuni. Safari hii kijana wetu mmoja aliyeko Dar es Salaam, aliyepata habari mapema, aliandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: “Baba mdogo hatunaye tena.” Bibi yuko Vwawa, ana presha, na simu yake husomwa na mjukuu wa darasa la tano. Mtoto akasoma kwa sauti, kwa mwendo uleule anaosomea ujumbe wa salamu.

Bibi alipelekwa hospitali, akarudi, tukazika. Baada ya arobaini kikao cha ukoo kikamwita kijana. Alikuja, alikaa kwa heshima, akajitetea kwa swali.

“Lakini baba mkubwa, nilichoandika kilikuwa uongo?”

“Hapana mwanangu, kilikuwa kweli. Ulikuwa unamwambia nani?”

Kijana hakuwa na jibu, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikiwaza maktaba ile. Hakukusudia ubaya. Aliandika mahali palipokuwa karibu na kidole chake. Ukoo ulikuwa na utaratibu wa kupokea habari ya namna hiyo, ungemwelekeza kama angeuliza, lakini hakuona kwamba kuna cha kuuliza. Na sisi wakubwa tuna sehemu yetu: kundi lile tulilifungua kwa ajili ya michango ya harusi, kisha tukaliacha likawa mahali pa kila kitu, vichekesho, matangazo ya viwanja vya Mlowo, dua, na lawama. Mkondo mmoja uliobeba vyote. Siku ya msiba ilipofika tukashangaa.

Tangu hapo ukoo una makundi mawili, na habari nzito haiandikwi popote mpaka baba mkubwa aseme. Wengine wanalalamika kwamba ni urasimu. Kwa maoni yangu ni busara, japo nakiri kwamba kundi la pili limepoa na watu wanalichungulia kwa nadra.

Kuna faida nyingine ya kuachiwa uchague mahali, ambayo mtu wa nje ya fani haioni kwa urahisi. Ninapoijaribu programu kabla ya kuipeleka ofisini, siielekezi kwenye skrini. Naielekeza kwenye kipande cha kumbukumbu ndani ya kompyuta yenyewe. Inasema kila kitu inachodhani inamwambia karani, nami nayasoma yote kabla karani hajayasikia: nalinganisha neno kwa neno na nilichotaka iseme, na pasipolingana najua. Programu isiyokubali kuelekezwa huwezi kuijaribu hivyo bila ujanja. Unabaki kuikodolea macho skrini na kutumaini. Sijui wangapi kati yetu tuna mahali pa kujisikia kabla wengine hawajatusikia. Nina rafiki anayeandika barua ya hasira kwa mkuu wake wa kazi kila mwisho wa mwezi, anaihifadhi, anaisoma asubuhi, na hadi leo hajatuma hata moja. Mshahara wake umepanda, ingawa sidhani ni kwa sababu ya barua.

Programu nyingi pia huuliza kimyakimya: upande wa pili kuna mtu au kuna faili? Ile amri kongwe ya kuorodhesha mafaili katika Unix, ukiiandika kwenye dirisha inapanga majina kwa safu ili macho yasichoke. Ukielekeza matokeo yake kwenye faili, inaandika jina moja kila mstari. Wapo wanaoita huo unafiki. Mimi nimekulia Tunduma, mji ambao Wanyamwanga wako pande zote za mpaka, na nimewaona wafanyabiashara wakisalimia kwa Kinyamwanga, wakipatana kwa Kiswahili, wakivuka Nakonde na kuendelea kwa Kibemba, hesabu ikihama kutoka shilingi kwenda kwacha bila karatasi. Bei ya gunia ni ileile. Anayebadilisha lugha kwa heshima ya msikilizaji simlaumu. Anayebadilisha bei kwa sababu msikilizaji haelewi lugha, huyo ndiye wa kuogopwa. Programu inayoweka rangi kwenye skrini na kuziondoa kwenye faili iko salama. Ikianza kuficha mistari kwa sababu inadhani hakuna anayetazama, iondoe.

Upo pia upande mchungu wa uhuru huu. Mwenye programu akiwa na mamlaka ya kuchagua malalamiko yaende wapi, anaweza kuyapeleka pasipo na mtu. Unix ina mahali maalumu pa hivyo, /dev/null, ambapo chochote kikiingia hakipo tena. Ukiandika 2>/dev/null mwishoni mwa amri, makosa yote yanatoweka na skrini inabaki safi. Nimekuta hicho kijimstari katika ofisi kadhaa, kimewekwa na mtu aliyechoka kuona maonyo, na kwa miezi programu ililia kwamba diski inajaa na hakuna aliyesikia. Ukiingia kwenye majengo ya umma unakuta sanduku la maoni limepakwa rangi vizuri, kufuli lake lina kutu. Aliyeliweka alitimiza agizo la kutenganisha mikondo. Hilo sanduku lina mdomo, ila halina mwenye ufunguo.

Kwa hiyo siafiki wale wanaodhani kwamba kumwachia mtu achague ni kumaliza wajibu. Maktaba nzuri inampa mwenye kazi uhuru wa kuelekeza makosa anakotaka, lakini isipoambiwa chochote inayaweka mbele ya macho. Anayetaka ukimya auombe mwenyewe, kwa mkono wake, na mstari aliouandika ubaki pale wa kumuulizia. Kijana aliyeniuzia kompyuta yangu ya kwanza hapa Sogea, Tunduma, alikuwa akisema fundi asiyetaka kusikia kelele za feni ataungua mikono. Alikuwa anazungumzia kompyuta tu, lakini neno lake nimelikuta kwenye mengi.

Wewe unayeandika programu zitakazotumika kwenye ofisi zetu, iwe unaandikia Mwanza, Dar es Salaam au nje ya nchi, nakuomba kitu kidogo. Usiandike moja kwa moja kwenye skrini. Weka mahali pawili panapoweza kubadilishwa, pa matokeo na pa makosa, na programu isipoambiwa lolote itumie mikondo ya kawaida ya kompyuta, namba 1 kwa majibu na namba 2 kwa malalamiko. Ni mistari michache ya msimbo, na ni rahisi kuiweka siku ya kwanza kuliko mwaka wa tatu, ofisi nyingi zikiwa zimeshaizoea programu ya zamani. Maonyo yako ya matoleo mapya tunayahitaji, endelea kuyaandika. Tuachie sisi tuseme yatokee wapi.